Mal-sun na Safari ya Gyeongju

Watu wote wa Daejeon walishakwenda Gyeongju, mji wa kale wa wafalme wa Korea, isipokuwa Pyo Mal-sun. Wanafunzi hupelekwa na walimu wao, maharusi wa zamani walikwenda kula fungate, na kina mama wa vyama vya upatu hukodi basi maua ya cheri yanapochanua, wakaenda wakiimba na kurudi wamelala. Mal-sun, fundi wa kukunja pindo za suruali katika soko kuu, alikuwa anakaribia kutimiza miaka sabini bila kuukanyaga mji huo. Jambo lenyewe lilikuwa la kuchekesha, maana marehemu mumewe, Bae Gil-ho, alikuwa dereva wa basi la watalii, na hakuna mji aliopelekea watu zaidi ya Gyeongju.

Kila mwaka Gil-ho alimwahidi. "Mwakani, mke wangu. Kile kiti cha nyuma ya dereva, anachokalia mwalimu mkuu, utakalia wewe."

Lakini maua yanapochanua ndipo na dereva anapotakiwa, na kiti kile kilikuwa kishapata mwenyewe. Wakati wa baridi, Gil-ho akiwa nyumbani hana kazi, Mal-sun akimkumbusha, yeye husema: "Sasa hivi kuna nini kule? Matawi matupu. Ngoja maua." Na nyumbani palikuwa na mama mkwe, aliyelala kitandani miaka na miaka na hakukubali kulishwa uji na mkono mwingine. Basi ikawa ngoja maua, ngoja maua, mpaka mama mkwe akafariki, Gil-ho akastaafu, akaugua, naye akaenda. Kuna wanaume wanaoahidi kwa moyo mweupe kabisa, na hao ndio wanaochosha zaidi, kwa sababu huwezi hata kuwanunia.

Alichomletea ni vimkate. Kila safari Gil-ho alirudi na vimkate vya Gyeongju, vidogo vya mviringo, vilivyojaa maharage mekundu yaliyopondwa na sukari. Alivitia katika mfuko wa ndani wa koti, kifuani, visije vikapondeka. Vikifika Daejeon vilikuwa vimepoa na kukakamaa. Mal-sun alivitafuna mbele yake akisema vitamu, na moyoni akijiuliza watu wanapangia foleni nini.

Basi mwaka huo, bado baridi imeshika, binti yao wa pekee, Eun-suk, akapiga simu kutoka Seoul.

"Mama, mwaka huu unatimiza sabini. Tunakwenda Gyeongju. Usiseme kitu, nimeshapata chumba."

Eun-suk ni mtu asiyekwenda hata kununua vitunguu bila mpango. Alikuwa amesoma utabiri wa maua, maana watu wa hali ya hewa hutangaza yatachanua lini mji kwa mji. Alikuwa amechagua nyumba ya wageni ya kizamani, ya mbao na vigae, yenye sakafu inayopashwa moto kutoka chini, mama yake apate kunyoosha mgongo. Nyumba hizo hujaa miezi kabla, naye alikuwa amenyakua chumba cha mwisho.

"Tutapanda treni ya kasi," alisema.

"Treni inashusha watu nje ya mji," Mal-sun akajibu. "Basi linakushusha katikati, ukitoka tu unayaona makaburi ya wafalme, ya kijani, makubwa kama vilima. Tupande basi."

"Wewe umeyajulia wapi hayo?"

"Nimelala na dereva miaka arobaini, halafu unaniuliza nimejulia wapi?"

Eun-suk akacheka mpaka akapaliwa. Mal-sun naye, alipokata simu, alisimama jikoni akitabasamu peke yake. Alikuwa na hamu. Alikuwa na hamu kiasi kwamba aliona haya.

Ndipo akaenda kwenye kalenda kuizungushia duara siku ya safari. Ilikuwa ile kalenda kubwa ya ukutani, yenye namba kubwa za tarehe za kawaida, na chini yake namba ndogo za mwezi mwandamo, ambazo vijana hawazitazami. Mal-sun alivaa miwani, akasoma namba ndogo, akaishusha kalamu.

Usiku wao wa kulala Gyeongju ulikuwa usiku wa tambiko la Gil-ho, la kukumbuka kufa kwake, ambalo huhesabiwa kwa mwezi mwandamo.

Kila mwaka usiku huo humwandalia meza: wali, supu, samaki, matunda, pombe ya mchele. Mlango wa mbele huachwa wazi kidogo, roho yake ipate kuingia kula. Kwa kuwa hawakujaliwa mtoto wa kiume, meza hiyo aliishika Mal-sun mwenyewe, na hajaikosa hata mwaka mmoja. Aje akute mlango umefungwa na mkewe amekwenda kutazama maua? Hapana, hilo Mal-sun hakuliweza. Lakini kumwambia Eun-suk pia hakuliweza, kwa furaha aliyoisikia kwenye simu ile.

Akaamua kuugua.

"Eun-suk, mwanangu, goti langu limeanza tena," alisema wiki iliyofuata, akipiga simu kutoka kibandani kwake sokoni.

"Nilishalifikiria, Mama. Chumba kiko chini, hakuna ngazi hata moja. Hekaluni tunapanda teksi mpaka getini."

"Na mvua ikinyesha?"

"Nimenunua makoti ya mvua. Lako la waridi."

"Paka wangu je?"

"Bi Ok-bun atamlisha. Nimeshaongea naye."

"Sasa ni msimu wa harusi, watu wataleta suruali zao..."

"Mama, si juzi tu ulilalamika kwamba siku hizi hakuna anayeoa?"

Mal-sun akaaga, akaitia simu mfukoni. Mtoto uliyemfundisha mwenyewe kujipanga ndiye anayekuzibia njia zote.

Ok-bun, muuza tofu wa kibanda cha jirani, alikuwa amesikia yote huku akikata tofu yake. Alifuta mikono kwenye aproni.

"Shoga, goti gani hilo linaloumwa kwa ratiba? Asubuhi nimekuona unakimbilia basi."

Mal-sun akamweleza. Ok-bun akaguna, akautazama mfuko aliotia simu yake Mal-sun.

"Unamwambia wewe au nimwambie mimi? Na mimi nikisema nasema kwa kelele, unanijua."

Basi Mal-sun akapiga simu, akasema.

"Mama," Eun-suk akasema, na sauti ilikuwa ya mtoto mdogo. "Nilitazama kalenda mara mia."

"Ulitazama namba kubwa."

"Mtoto gani anasahau siku ya baba yake?"

"Hukusahau. Kila mwaka mimi ndiye ninayekupigia kukwambia imeangukia lini. Mwaka huu umenitangulia, basi. Usilie, Eun-suk. Uko kazini, watakuona."

"Acha wanione." Akapenga kamasi. "Nifute chumba?"

Mal-sun alikuwa na "futa" mdomoni. "Ukifuta, utakipata tena?"

"Wakati wa maua? Hapana. Labda mwakani."

Neno hilo Mal-sun alilijua. Alikuwa amelisikia kwa miaka arobaini, kutoka kwa mtu mwema, na lilikuwa limemla ujana wake wote. Akamtazama Ok-bun, akazitazama suruali za watu zilizoning'inia kwenye kamba.

"Usifute," alisema. "Baba yako tutamwandalia huko huko."

"Mama! Inaruhusiwa?"

"Nani wa kunikataza, yule ndugu wa baba yako? Ana miaka hajaja hata kula."

Mpango wote ukapanguliwa na kupangwa upya. Eun-suk akampigia mwenye nyumba ya wageni, akijikunyata, maana nyumba ni ya mbao na ubani una moshi. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, alijibu kwamba ubani wauwashe karibu na mlango wa barazani, na meza ndogo ya tambiko wasijisumbue kubeba, anayo. Likaongezwa sanduku la barafu. Samaki na chapati za mboga Mal-sun atavikaanga nyumbani, bila pilipili wala kitunguu saumu, kama mila ya tambiko inavyotaka. Peasi, kunazi na njugu hazina shida njiani. Wali na supu vitapikwa huko huko. Jambo moja tu lilimkosesha Mal-sun usingizi.

"Atajuaje tulipo?" alimuuliza Ok-bun.

"Mimi nitakaa kwako jioni ile, mlango wazi," Ok-bun akasema. "Akija nitamwambia, bwana, mkeo amekwenda kutembea."

"Atakuuliza na nani."

"Nitamwambia na kijana mmoja mzuri. Atakimbia mpaka Gyeongju bila basi."

Walicheka hadi mteja akaja kuchungulia. Hata hivyo, asubuhi ya safari, Mal-sun alisimama mbele ya picha ya Gil-ho kabla ya kuifunga kwenye kitambaa, akamwelekeza. Ukitoka kituo cha mabasi, pita kando ya makaburi, ingia uchochoro wa pili wenye duka la miavuli, nyumba yenye geti la bluu. Alikuwa amefika kwenye geti la bluu alipokumbuka anamwelekeza nani. Akaguna. "Haya, unapajua," alisema, akaifunga picha.

Kwenye basi, Eun-suk alimshika mkono akampeleka mbele kabisa. Kiti chake kilikuwa nyuma ya dereva. Eun-suk alijifanya anahangaika na sanduku la barafu. Mal-sun alikaa, akaipakata picha. Njia nzima aliitazama shingo ya dereva yule kijana, mpaka dereva akaanza kujikuna.

Na Gyeongju ilikuwa vile vile alivyoambiwa. Makaburi yalikuwa ya kijani na makubwa. Maua yalikuwa yamechanua yote, yakidondoka juu ya watu na magari bila kubagua. Mal-sun alitembea polepole kwa goti lake zima, akisema, "Ndiyo, alisema. Ndiyo, hili pia alilisema." Eun-suk alikuwa na ratiba yenye sehemu nane. Waliona tatu, na hakuna aliyelalamika.

Alasiri, Mal-sun akiwa jikoni na mwenye nyumba wakipika supu, Eun-suk alikwenda kupanga foleni ya vimkate. Alirudi amekumbatia boksi linalotoa mvuke.

"Onja, Mama, kabla havijapoa."

Mal-sun alichukua kimoja kwa adabu tu, akakiuma. Ganda lilikuwa laini. Maharage yalikuwa ya moto, mazito, matamu mpaka kooni. Akaacha kutafuna.

"Kumbe huliwa moto," alisema.

"Hukujua?"

"Baba yako mwenyewe sidhani kama alijua. Alivinunua, akavitia kifuani, akaondoka."

Machozi yakamtoka, na mkate ungali mdomoni. Eun-suk alitaka kumkumbatia, lakini mama yake alimwagiza avifunike vilivyobaki kwa blanketi pale sakafu ilipokuwa na joto zaidi. Ndivyo alivyokuwa akimfunikia Gil-ho bakuli la wali, anapochelewa kurudi.

Giza lilipoingia walitandika meza. Eun-suk, akitaka kulipa kosa lake, aliweka sahani ya vimkate katikati ya matunda.

"Toa!" Mal-sun akamaka. "Maharage mekundu kwenye meza ya tambiko? Marehemu huyakimbia hayo. Unataka baba yako aishie barazani?"

Eun-suk akavitoa, uso umemwiva, akavirudisha chini ya blanketi. Mal-sun akausogeza mlango, ukabaki wazi kidogo. Waliwasha ubani, wakamimina pombe, wakasujudu pamoja, bega kwa bega. Hewa ya nje iliingia na maua mawili matatu yakaangukia kwenye mkeka. Wakaketi kungoja, kama inavyopasa, ili mgeni ale kwa utulivu.

Mal-sun aliitazama picha. Gil-ho alikuwa amevaa lile koti lake la kazi.

"Vilete," alisema.

"Nini?"

"Vimkate."

"Mama, si umesema atavikimbia?"

"Mtu aliyevibeba kifuani miaka yote ile, leo ndiyo aviogope?"

Eun-suk alivitoa chini ya blanketi. Vilikuwa bado vya moto. Mal-sun aliviweka mwenyewe kando ya wali, akakigeuza kimoja kiwe karibu na picha.

"Baba Eun-suk," alisema, "hivi huliwa moto. Karibu ule."