Changarawe ya Baba na Divai ya Wafaransa

Dada yangu mkubwa alirudi kutoka Ufaransa, alikopelekwa na hoteli aliyokuwa akiifanyia kazi, akiwa na zawadi ya baba: chupa ya divai nyekundu na kijitabu cha historia ya shamba ilikotoka. Baba alikuwa akilima zabibu Hombolo tangu sijazaliwa, akiziuza kwa kiwanda cha divai.

Kijitabu kilikuwa cha Kiingereza. Mimi nilikuwa nasoma chuo, Chimwaga, kwa hiyo Jumapili baada ya ibada nilipewa kazi ya kukisoma kwa Kiswahili. Baba alivaa miwani, ingawa msomaji nilikuwa mimi.

Nilisoma kwamba shamba ni la ukoo mmoja kwa vizazi saba. Kwamba mjane mmoja aliliendesha peke yake baada ya mumewe kufa vitani. Kwamba huvuna mara moja tu kwa mwaka.

"Mara moja?" baba aliuliza. Sisi tulivuna mara mbili. "Miezi mingine wanafanya nini?"

"Wanapogolea. Halafu wanangoja."

"Wanangoja," alimwambia mama, kama anayetoa taarifa ya msiba.

Nikafika kwenye udongo. Kijitabu kilisema siri yao ni changarawe: mizizi huteseka kushuka chini kutafuta maji, na mateso hayo ndiyo huipa divai tabia yake, kali ujanani, tulivu uzeeni. Baba aliniambia nirudie. Changarawe yetu, kule juu karibu na korongo, tulikuwa tumewaachia mbuzi.

Chupa tuliifungua kwa kusukumia kizibo ndani kwa mpini wa mwiko. Kijitabu kilisema mnywaji atasikia harufu ya ngozi.

"Ya mnyama gani?" mama aliuliza.

"Hawakuandika."

Baba alinusa bilauri kwa muda mrefu. Alikulia kwenye nyumba ambayo watu walilalia ngozi za ng'ombe. "Ipo," akasema. Mama alisema yeye hanywi ngozi, akarudi jikoni.

Wiki iliyofuata baba alihamisha mbuzi, akapanda miche ya mizabibu kwenye changarawe. Majirani walikuja kumpa pole.

"Baba, kwao kuna mvua," nilimwambia.

"Kijitabu kimesema iteseke."

Iliteseka. Zaidi ya nusu ilikauka msimu wa kwanza. Iliyobaki ilichelewa sana kuzaa, na ilipozaa ilitoa vishada vidogo ambavyo mnunuzi wa kiwanda alivitazama bila kushuka kwenye gari. Baba akavikamua mwenyewe kwenye pipa la plastiki, akaacha divai ikae mwaka mzima.

Nilikuwepo alipoionja. Ilikuwa chungu kidogo, yenye kukausha ulimi. Alimaliza bilauri, akaniambia kwamba miaka yote hiyo hakuwahi kujua zabibu zake huwa na ladha gani zikishaondoka shambani. Nilimmiminia nyingine.