Kumwinua Mama

Mama alipovunjika nyonga akiokota korosho, mimi ndiye niliyerudi Newala kukaa naye. Sikuwa na cha kuacha. Shule niliikimbia darasa la sita, nikazunguka: kupalilia Lupaso, kuuza samaki wakavu Chiwata, kupika mgahawani Masasi, popote palipokuwa na jambo nisilolijua. Nilimwogesha Mama, nikamlisha. Lakini kumtoa kitandani na kumweka kitini barazani, hapo alinikataa.

"Acha, utaniangusha. Mdogo wako anakuja Jumamosi."

Mdogo wangu aliwafundisha wanawake kunyanyua vyuma, uani kwake Masasi. Jumamosi alishuka kwenye pikipiki, akamwamkia Mama, akamwinua kama mtoto aliyelala. Mama akacheka, kichwa begani pake. Mimi nilisimama mlangoni na kikombe cha uji nikitamani, Mungu anisamehe, mdogo wangu ateleze kidogo tu.

Sikuelewa. Tangu utotoni nimepanda na maji kutoka bondeni, ndoo kichwani, bila kumwaga tone. Ana nguvu gani ambazo mimi sina? Siku moja nikamwomba jirani amwangalie Mama, nikaenda Masasi kuchungulia.

Uani nilikuta wanawake watano, kanga viunoni juu ya suruali, wakiinua mabomba yaliyochomekwa makopo ya zege kila ncha. Mdogo wangu akanisogezea ndoo ya mchanga.

"Shikamoo, dada. Hebu inua hiyo mpaka kifuani."

Nikainama, nikavuta. Mgongo ukauma, ndoo ikabaki chini. Bila kufikiri nikamgeukia mwanamke wa karibu. "Nitwishe."

Wakaangua kicheko. "Hapa hakuna wa kukutwisha, dada!"

Kumbe. Maisha yangu yote kulikuwa na mtu aliyeshika upande wa pili wa ndoo mpaka ikafika kichwani. Nilijua kubeba. Kuinua sikujua.

Mdogo wangu akanifundisha: miguu ipanue, makalio yarudi nyuma, kifua juu, mzigo uwe karibu na mwili. Leo fanya, kesho pumzika. "Na ule kunde na dagaa, mwili haujengwi kwa chai." Nilichukia kwamba anajua, nikachukia zaidi kwamba anaeleza vizuri. Niliporudi Newala nikajifunza nyuma ya jiko, kila wiki nikiongeza mchanga kidogo.

Miezi ikapita. Alhamisi moja nikachuchumaa kando ya kitanda.

"Mama, shika shingo yangu."

Akagoma. Kisha akatazama jua lililokuwa nje, akanishika. Nikasukuma ardhi kwa visigino, naye akapanda pamoja nami. Nilimkalisha barazani taratibu.

Akanipapasa mkono kuanzia begani hadi kiwiko. "Mdogo wako amekufundisha vizuri."

"Ndiyo, Mama."

Jumamosi nilimtoa nje asubuhi na mapema, kabla pikipiki haijasikika.