Mifuko Mitano ya Kanyakine

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nimejaribu kuisahau nikashindwa. Nilikuwa kijana wa kupima mawe, nikatumwa kwenye machimbo karibu na Kanyakine kuchukua sampuli. Zahanati ilikuwa inataka kujengwa, na ilibidi ijulikane kama mawe ya pale yatabeba ukuta. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi: mifuko mitano kutoka sehemu tano, kuanzia juu mpaka chini kabisa karibu na kijito.

Mchimbaji wa pale, Baba Karimi, alinipokea kwa uji na nduma, kisha akanionyesha kule chini.

"Hiyo jiwe ya huko mimi huwa sitoi," akasema. "Ikikauka ni ngumu, lakini ikishika maji unaimenya na kucha. Fika huko, kijana, ndio wakubwa wako wajue."

"Nitafika, mzee."

Sikufika. Mvua ilikuwa imenyesha, njia inateleza, na mimi nilikuwa na viatu vipya. Ndiyo, cheka, viatu. Mzee alipoenda kukata majani ya ng'ombe, nilijaza mifuko yote mitano pale pale juu, kwenye jiwe zuri, nikaiandika namba moja hadi tano. Aliporudi akaniuliza kama nimefika chini. Nikasema nimefika.

Majibu ya maabara yakaja mazuri yote. Mkubwa wangu akanisifu, na mimi mjinga nikavimba kichwa. Baba Karimi aliposomewa karatasi ile, alisema basi wasomi wameona asichokiona yeye. Akashuka, akaanza kulichimba jiwe la chini kwa ajili ya zahanati.

Zahanati ilikuwa haijamaliza miaka miwili mvua ilipolainisha ukuta mmoja, ukawaangukia waliokuwa kwenye foleni ya chanjo. Karimi, binti wa pekee wa yule mzee, alifia pale, na mtoto mgongoni.

Nilienda mazishini. Baba Karimi akanishika mkono kando ya kaburi. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Mwanangu, niambie tu ukweli. Ile siku, ulifika kule chini?"

Nikaogopa kufutwa kazi, nikaogopa jela, nikaogopa macho ya watu.

"Nilifika, mzee."

Akauachia mkono wangu. "Basi jiwe ilikuwa nzuri. Ni mimi nilichagua vibaya. Ni mimi nimeua mtoto yangu."

Aliishi miaka mingi akiamini hivyo, na nyundo hakuishika tena. Kila Krismasi nilisema nitakwenda kumwambia, mpaka nikasikia naye amezikwa.

Sasa wewe kesho unakwenda Siakago na mifuko yako. Jua la kule ni kali na utachoka. Ukishindwa kufika mahali, uache mfuko ule mtupu na uandike kwamba hukufika. Watakukaripia, na kesho yake utarudi. Mwenyeji akikwambia jambo kuhusu ardhi yake, shuka naye ukaone. Na ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajaubeba mzigo wako akidhani ni wake. Mungu akupe magoti ya kushuka na kupanda, ailinde mikono yako, na siku utakapoulizwa akupe ulimi ambao mimi sikuwa nao.