Kuku wa Mama Iqbal na Ukoka wa Odeta

Mzee Kashindye wa Pasiansi alifanya kazi miaka thelathini kwenye chumba cha injini cha kivuko cha Nansio, na alistaafu akiamini kwamba hakuna kitu kinachoharibika bila yeye kujua kimeharibikia wapi. Imani hiyo ilimfaa sana kwenye injini. Kwenye majani ilimtia aibu.

Majani yenyewe ni ukoka ulio mbele ya nyumba yake, eneo la kutandika mikeka sita na si zaidi. Mkewe Odeta, Mkerewe, ndiye aliyeuleta kutoka kwao Nansio, umeviringishwa ndani ya gunia lililoloweshwa, akaupanda kwa mikono yake. Odeta alifariki, huu mwaka wa tatu sasa. Binti yao Sabina anaishi Dodoma, nguo za marehemu zimekwisha kugawanywa, na mzee huyu, ambaye hakuwahi kujua chumvi inakaa kabati lipi, aliung'ang'ania ule ukoka kama ndiyo ndoa iliyobaki. Aliupunguza kwa mkasi, akaumwagilia, akauongelesha. Mgeni aliyeukanyaga na viatu alitazamwa mpaka akavivua.

Kwa hiyo madoa ya njano yalipotokea mwezi wa tatu, aliyachukulia kama hitilafu ya injini.

Alianza kwa kutafuta mshitakiwa, na washitakiwa hawakukosekana. Wa kwanza walikuwa wadudu wa ziwani, wale wanaopanda kutoka majini kama moshi na kukutwa asubuhi wamekufa vibarazani. Aliwafagia juma zima, karibu jani kwa jani. Madoa yakaongezeka. Wa pili walikuwa mchwa. Akamwaga majivu mpaka uwanja ukafanana na jiko la msibani. Wa tatu, na hapa alikuwa na ushahidi wa macho, walikuwa kuku wa Mama Iqbal.

Mama Iqbal, jina lake Mwanaheri, ni jirani yake wa miaka mingi, mshonaji mwenye cherehani barazani na kuku kumi na mmoja wasiojua mipaka. Walipenya kwenye ua wa michongoma, wakaenda moja kwa moja kwenye madoa, wakachakura.

"Mama Iqbal! Kuku wako wananimalizia majani!"

"Baba Sabina, hebu angalia wanachookota."

"Naangalia wanachoharibu!"

Akauziba ua kwa vipande vya nyavu kuukuu za dagaa. Kuku wakabaki upande wa pili wakichungulia, na madoa yakaungana yakawa doa moja kubwa.

Ndipo akaenda Mkuyuni, duka la pembejeo, kuomba dawa kali kuliko zote. Muuzaji, binti aitwaye Maulida, alimwamkia vizuri kabla ya kumkatalia.

"Shikamoo babu. Kali ya mdudu gani?"

"Marahaba. Ya wote."

"Hiyo hatuna, babu. Kwanza kamwage maji ya sabuni kwenye doa, usubiri kama dakika kumi. Kama ni viwavi watapanda juu wenyewe. Wasipopanda, shika majani uvute. Yakitoka kama mkeka, basi kuna mdudu anakula mizizi. Halafu, mbolea uliweka gani?"

"Samadi. Ya zizi la marehemu baba, kule Magu."

"Ilikuwa imeoza vizuri?"

Kwa Mzee Kashindye, kuulizwa kama samadi ya Magu imeoza ni sawa na kuulizwa kama ng'ombe wa ukoo wao wana adabu. Aliondoka bila kuaga.

Hata hivyo nyumbani alikoroga sabuni. Alimwaga, akachuchumaa, akasubiri. Alipanda senene mmoja tu, amelewa povu, akamtazama mzee na kuondoka zake. Basi mzee akashika majani, akavuta. Yalikuja yote kwa pamoja, hayana mzizi hata mmoja. Chini yake walilala funza weupe, wanene, wenye vichwa vya kahawia, wamejikunja kwa shibe. Walikuwa watoto wa mbawakawa, na walikuwa wamelala katikati ya mabonge ya samadi ambayo bado yalionekana mabua ndani yake. Mbawakawa hutaga hapo hapo kwenye mbichi. Magunia sita aliyasafirisha mwenyewe mwezi wa kumi na mbili, akijisifu njia nzima.

Lakini fundi wa kweli akishaiona hitilafu habishani nayo. Alichukua kisu, akazikata nyavu zake mwenyewe, akasimama pembeni kama bawabu.

Kuku waliingia bila kinyongo. Walikula siku mbili. Funza waliowaponyoka, mzee aliwaokota kwa mkono na kuwatia kwenye kopo la maji ya sabuni, huku akikunja kila kipande kilichokufa. Siku ya tatu kikabaki kipande kimoja karibu na ngazi, pale Odeta alipopiga magoti kwanza. Juu kilikuwa na ukijani kidogo. Mama Iqbal alikuja, akainama karibu naye.

"Kivute, baba."

"Siwezi."

"Kivute tujue."

Akavuta. Kikaja chote.

Mzee Kashindye akalia, mchana kweupe, mbele ya jirani na kuku.

"Aliniachia kitu kimoja tu, nami nimekiua kwa mavi ya ng'ombe."

Mama Iqbal alikipokea kile kipande, akakiweka chini.

"Niliapa nisiseme," alisema. "Lakini aliyeniapisha ameshatangulia. Ule ukoka wa Nansio ulikufa mwaka ule ule alioupanda."

"Usinitanie."

"Ulikuwa safari, mnatengeneza kivuko, mwezi mzima. Ulimwachia magunia ya samadi ya Magu ukamwagiza aimwage yote. Akaimwaga, na ukali wake ukauunguza ukoka wote. Alikuja kwangu analia, wala si kwa ajili ya majani. Alisema, 'Akijua ni samadi ya kwao, ataumia.' Tukatoka wawili na jembe, tukachimba mwingine hapa hapa Pasiansi, mtaroni, tukapanda mpaka magoti yakachubuka. Uliporudi ukasimama hapa, mkono kiunoni, ukasema, 'Mnaona samadi ya kwetu inavyofanya kazi?'"

Mzee aliikumbuka siku hiyo. Aliukumbuka hata mkono kiunoni.

"Naye akasema nini?"

"Akasema, 'Ndiyo, mume wangu.' Mimi nikakimbilia kwangu kucheka."

Mzee Kashindye akacheka naye, kicheko cha kushika ukuta, na machozi hayakukauka. Miaka yote ile alikuwa akiwavua watu viatu kwa ajili ya majani ya mtaroni. Alimpenda Odeta saa ile kuliko siku ya harusi yao, na ilimuuma kwamba hawezi kumwambia.

Akajifuta uso kwa mkono wenye udongo, akainuka, akaliendea jembe.

"Mtaro upi, Mama Iqbal?"