Bastola Mbili za Mjomba Ephraim

Mjomba Ephraim alikimbia kutoka Uvira, Kongo, akiwa kijana. Siku hizi anaishi Husby, pembeni mwa Stockholm, Uswidi, na kazi yake ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Jumamosi huenda kulenga shabaha katika klabu moja karibu na Spånga. Mimi mchezo huo sikuupenda hata siku moja. Silaha zilizotufukuza kwetu hazikuota shambani. Zilitengenezwa na watu wenye likizo na pensheni. Lakini siku ya kuchagua bastola nilimsindikiza, kwa sababu nilimshuku muuzaji.

Timu ya klabu ilikuwa imebakiza nafasi moja, na Mjomba alikuwa ameitamani kwa miaka. Mkufunzi wao, Bridget, alimwambia atampima kwa bastola yake mwenyewe, si ya kuazima.

Kuria, Mkenya wa Sundbyberg, aliweka mezani pale klabuni bastola aliyokuwa akiiuza: ya Ubelgiji, ya zamani, chuma kitupu, mbao za mpini zimelainishwa na viganja. Kando yake Bridget akaweka ya kwake ya Uturuki. Umbo ni lilelile la kizamani, ila hiyo bado inatengenezwa, na dukani bei yake ni nusu ya aliyotaka Kuria.

Mjomba alizitikisa, akachungulia mitutu, akazifyatua zote mbili. Matundu ya ile ya Ubelgiji yalikaa pamoja kama mbegu za papai. Ya Uturuki kifyatulio chake kilikuwa kigumu, na mara moja ganda la risasi likakwama.

"Umejionea," Kuria alisema. "Hii ni dhahabu, mzee."

"Kabla yako ilikuwa ya nani?"

"Mzungu mmoja wa Uppsala."

"Na kabla yake?"

"Jeshi."

"Jeshi gani?"

Kuria akacheka. "Unanunua bastola ama unaoa? Hata ukoo wa bibi haukaguliwi hivi!"

"Bibi hajaua mtu, mon cher."

Kicheko kikakatika. Mjomba alisema maofisa waliokuwa wakisimamisha watu barabarani kwetu walivaa kiunoni bastola za umbo hilihili. Kuria akaapa kwa mama yake kwamba yake haijawahi kufika Afrika. Mjomba akamuuliza amejuaje. Kuria akaanza kuifuta bastola kwa kitambaa.

"Kwani hiyo nyingine ni malaika?" nikauliza. "Kiwanda chake kinamuuzia nani?"

"Sijui, Thierry. Lakini ikitoka kwenye boksi mbele yangu, nitaijua kila risasi iliyopita humo."

Akaomba kibali cha kununua mpya ya Uturuki. Alipoipata, alifanya mazoezi mpaka kidole kikaota sugu. Siku ya kupimwa, kifyatulio kilimvutia risasi kushoto, na mbili hazikuigusa shabaha kabisa. Nafasi akapewa mwingine.

Kuria, ambaye alikuwa hajapata mnunuzi, alimsogelea akamnong'oneza kwamba ameshusha bei.

"Umeshajua ni jeshi gani?" Mjomba akamuuliza.

"Bado."

Mjomba akaifungia bastola yake sandukuni, akaenda kumuuliza Bridget majaribio mengine ni lini.