Siku Figo Zangu Zilipotoboka

Bitiruti zikichemka hutoa harufu ya udongo ulionyeshewa mvua. Juzi nilizichemsha, mjukuu wangu akakunja pua, nami nikajikuta nacheka peke yangu jikoni. Kwa mawazo nilikuwa nimerudi mtaa wa Chemchem, pale Tabora, nikiwa darasa la tatu.

Ilikuwa miaka ile ya Kujitegemea, kila ua una bustani. Mama Shirin, Mhindi mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, alipanda bitiruti. Jioni moja alinipa bakuli zima, zimekamuliwa ndimu, nikala mpaka vidole vikawa vyekundu.

Asubuhi nikaenda chooni. Mkojo ulikuwa mwekundu!

Wiki ileile mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba figo huchuja damu. Damu safi hurudi mwilini, uchafu huteremka na maji hadi kwenye kibofu, ukawa mkojo. Figo ni kama chujio la chai, alisema. Basi sikuhitaji kuambiwa na mtu: chujio langu limetoboka. Nikaamua kutokunywa maji, ili damu isipate cha kutoka nacho. Nikashinda hivyo na jua lote lile la Tabora, ulimi umenikauka kama kigae. Jioni nikamwita mdogo wangu, Asha, nikamrithisha sahani yangu ya maua. Badala ya kulia akauliza, "Na viatu je?"

Mama alitusikia. Nilipomweleza, alipiga yowe, majirani wakajaa uani. Huyu anasema kichocho cha bwawani, yule anasema nimerogwa.

Mama Shirin akaja mbio, kandambili mkononi. "Ni bitiruti! Huyu Mwaju alikula kwangu jana!"

Hakuna aliyemsikiliza. Basi mama yule, mwenye haya hata ya kusalimiana na wanaume, akapaza sauti: "Jamani, hata mimi leo mkojo wangu mwekundu! Hata wa Baba Shirin!"

Baba Shirin, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika mlangoni, aligeuka akarudi dukani upesi. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

Hata hivyo, kesho yake mama alinipeleka hospitali. Muuguzi akapima mkojo: hakuna damu, hakuna kichocho. Alinigombeza kwa jambo moja tu. "Usipokunywa maji, binti, figo zitautoa uchafu na nini?" Akanisimamia mpaka nikamaliza kikombe.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kwa ajili ya Baba Shirin na mbio zake. Nilipopata watoto wangu mwenyewe ndipo nilipoanza kumfikiria mkewe. Vijana wa mtaani walimwita Mama Mwekundu kwa muda mrefu, naye akaendelea kuwapimia vitambaa kimya kimya. Alijua watamcheka. Hata hivyo akasema, kwa sauti ya kufika barabarani, kwa kuwa mtoto wa jirani alikuwa anaogopa kufa.