Ng'ombe Nusu wa Karuba

Chumba chetu cha picha pale Karuba kilikuwa na kila kitu isipokuwa watu. Tulikuwa wachoraji watatu, kuta zimejaa kazi zetu, na mlango ulikuwa wazi tangu asubuhi. Mwenye nyumba, mzee mfugaji aliyeishi uani, alitupatia chumba bure, lakini subira ilikuwa imeanza kumwishia.

"Kama batu habaingii mpaka tuchimbe birayi," aliniambia, "ntaweka birayi yangu mule. Birayi njo inajua kukaa mu nyumba."

Yeye mwenyewe hakuwahi kuingia, na viazi vyake, hizo birayi, vilikuwa vinakaribia kukomaa. Kazi ya kutengeneza afishi za kubandika nje kuwaita watu ilikuwa yangu, nami nilijiona fundi wa kweli. Ya kwanza niliichora uso wa mwanamke anayecheka, chini yake nikaandika "Karibuni muone picha". Mama mmoja muuza maziwa akasimama na bidoni lake la maziwa mgongoni, akaitazama vizuri.

"Dada, huyu naye anaomba kura ya nini?"

Niliibandua. Ya pili nikachora ng'ombe, maana milimani kwetu ng'ombe si kitu cha kupita bila kukitazama. Kweli walijaa. Walibishana juu ya pembe, juu ya kiwele, kama ana mimba ao hana, kisha wakaenda zao wameridhika. Picha wameshaiona nje, ndani wafuate nini tena? Mimi nina hasira za karibu. Niliivuta ile karatasi ikachanika katikati, mkia ukabaki mlangoni na kichwa mkononi mwangu. Nikakitupa ndani.

Mama wa maziwa alikuwa anapita tena.

"Sasa kichwa iko wapi?"

"Iko ndani," nikamjibu kwa ukali.

Akashusha bidoni, akaingia. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Siku ileile nikaanza upya, safari hii kwa makusudi. Nilimchora ng'ombe niliyemjua utotoni, mwekundu, mguu mmoja wa nyuma mweupe, aliyekuwa akitangulia kundi la mwenye nyumba kabla vita haijalitawanya. Sehemu ya nyuma niliibandika mlangoni, sokoni na kwenye njia ya Mushaki. Ya mbele niliichora kubwa kwenye ukuta wa ndani kabisa.

Wakaja! Wachungaji na fimbo zao, wamama wa sokoni, walimu, hata pasta. Walikisia nje, wakaingia kuhakikisha, na wakiwa mule wakatazama na picha nyingine zote. Nilifagia chumba huku naimba.

Mwenye nyumba peke yake hakuingia. Asubuhi alisimama mbele ya ule mguu mweupe, akaondoka. Jioni akarudi, akasimama, akaondoka tena. Viazi vilikuwa vimeanza kuchimbwa. Niliogopa kwamba nimemtonesha kidonda, na kwamba chumba kimekwenda.

Jumapili, baada ya ibada, alivua kofia akaingia. Alipita picha zote bila kugeuka mpaka kwenye ukuta wa mwisho. Watu wakampisha. Ng'ombe yule alikuwa na pembe moja iliyoinama na sikio lililochanika, na mzee aliligusa sikio kwa kidole.

"Njo yeye," akasema. "Nilikuwa nimesahau uso yake."

Alikuwa analia na kucheka pamoja. Mimi nililia tu, bila haya.

Magunia ya viazi aliyapanga kwenye chumba chake cha kulala, na mkewe alilalamika mtaa mzima ukasikia. Kesho yake nilimkuta ameweka kiti mlangoni, kando ya afishi, anawaita wapita njia.

"Musisimame na mukia! Ingieni, kichwa iko ndani!"

Kila aliyeingia, mzee alimshika mkono kwanza, akamwambia taratibu, "Iko yangu."